Kaburi Lililopimwa Mezani

Siku hizi kila mtu anakuja Kolwezi kumtafuta babu yake. Miaka thelathini iliyopita tuliwafukuza babu za watu kwa mawe. Leo wajukuu wanarudi na faili za plastiki mikononi, wanauliza kwa adabu babu aliishi wapi, na sisi tunawaonyesha kwa adabu ileile. Tumestaarabika sana.

Wakifika ofisi ya ardhi wanaambiwa, "Muende kwa Tata Mukalay." Tata Mukalay, yaani Mzee Mukalay, ndiye mimi. Nimestaafu. Nina kiti cha plastiki mbele ya nyumba, miwani iliyofungwa kwa waya, na sifa ya kuwa mtu wa mwisho mjini anayejua kusoma hati za zamani za upimaji, zile walizoziandika Wabelgiji na makarani wao. Usidhani ni kazi ndogo. Hati inasema: "Kutoka jiwe A, lililo mita kumi na mbili mashariki ya kichuguu kikubwa, kwenda jiwe B, grade mia, mita ishirini na tano." Mjukuu anafurahi, anatoa simu yake yenye dira, anafuata digrii mia, anafika jikoni kwa jirani. Wabelgiji, kwa sababu wanazozijua wenyewe na Mungu wao, waligawa duara mara mia nne, si mara mia tatu na sitini. Grade mia ni robo ya duara, pembe ya meza. Kijana mmoja, Dady, alitoka Ulaya kutafuta ua wa bibi yake kule mtaa wa Kasulo. Alifuata simu siku mbili, kisha akapiga magoti na kumlilia bibi mbele ya banda la nguruwe wa mtu. Nilipomsomea upya tukakuta ua wenyewe umekuwa shimo la kobalti. Akasema afadhali nguruwe.

Na kichuguu nacho, usikitafute. Kilishageuka matofali zamani, na matofali yamekuwa nyumba, na mwenye nyumba hataki kusikia kwamba anaishi ndani ya alama ya mpaka. Mtu akitaka kumjua babu yake kwa hati hizi, lazima kwanza ajue nani alihamisha nini, mwaka gani, na kwa nini anakataa. Mimi najua. Ndiyo maana wananiheshimu.

Basi mwezi wa tano, mwaka 2022, akaja mwanamke wa miaka arobaini hivi, mwenye kitambaa kichwani na uchovu wa treni usoni. Akasema jina lake ni Mbelu, ametoka Mwene-Ditu, kule Kasai.

"Tata Mukalay, banasema weye njo unajua kusoma hii."

Akafungua plastiki, akanipa karatasi moja iliyokunjwa mpaka mikunjo yake imeanza kutoboka. Sikuhitaji miwani. Mwandiko ulikuwa wangu.

Nilimwomba aketi. Nilimwomba anieleze habari, nikimwomba Mungu asinieleze. Akaeleza. Baba yake, Henri Mpoyi, aliyekuwa mpimaji wa ardhi hapa Kolwezi, alifariki mwezi wa pili. Alizikwa vizuri, lakini wazee wa ukoo wamekataa kuondoa kilio, yaani kufunga matanga. Wanasema Henri hastahili kuondolewa kilio kwa sababu yeye mwenyewe hakumzika baba yake. Mzee Tshilombo, babu yake Mbelu, alikufa hapa Kolwezi mwezi wa tatu mwaka 1993, katika siku zile za kufukuzwa, na hakuna mtu wa ukoo aliyeona kaburi. Henri alifika Kasai na watoto watatu, mke mmoja na karatasi moja. Karatasi ilisema kaburi liko wapi. Mwaka 2011 kaka yake Mbelu alikuja na karatasi ile, akaifuata mstari kwa mstari, bila kosa la grade wala digrii, maana alifundishwa na baba yake.

"Ikamufikisha wapi?" nikauliza. Nilijua kwamba sitapenda jibu.

"Mu choo ya baa moja. Akapiga picha. Bazee beko nayo ile picha mpaka leo. Banasema papa alimutupa baba yake mu njia, akatunga karatasi."

Na mama yake, Mama Annie, mwenye miaka sabini na mitatu, amevaa nyeusi. Hawezi kuivua, hawezi kunawa maji ya kumaliza kilio, hawezi kulala kitandani, hawezi kupeana mkono na mtu, mpaka mtu awaonyeshe wazee kaburi la baba mkwe wake. Mbelu alikuwa amekuja kutafuta kaburi hilo ili mama yake avue nyeusi. Ni hilo tu.

Sasa lazima niseme habari za 1993, na nitazisema upesi, kwa sababu mjini kwetu kila mtu anazisimulia kana kwamba alikuwa safarini.

Kampuni ya shaba ilikuwa inakufa. Mishahara ilikuwa hadithi. Mtu mwenye njaa akiambiwa kwamba njaa yake ina kabila, anashukuru kupata maelezo. Watu wa Kasai, ambao babu zao waliletwa kuchimba kabla baba zetu hawajaona kofia ya chuma, tukawaita bilulu, yaani wadudu, maana nyumba ya mdudu ni rahisi kuichukua kuliko nyumba ya jirani. Tukaimba. Tukavunja milango, halafu tukagundua kwamba milango iliyovunjwa sasa ni yetu, tukaitengeneza. Ndugu zetu waliotoka Kasai wakarundikwa stesheni kwa maelfu, wakisubiri treni ambayo haikuwa na haraka.

Mimi nilikuwa karani wa miaka ishirini na sita katika ofisi ya ardhi. Sikumpiga mtu. Naomba hilo liandikwe mahali fulani, kwa herufi ndogo. Nilikuwa nyuma ya meza wakati mashujaa wetu walipoanza kuja, kila mmoja na funguo za mtu mwingine, wakitaka hati. Maana ushujaa bila hati hauna usalama. Shefu, mkuu wa ofisi yetu, akafungua kabati, akatoa majalada, akayageuza huku na huku. Hakuna aliyeweza kuyasoma. Mtu pekee wa ofisi aliyejua kuyasoma alikuwa Henri Mpoyi, na Henri tulikuwa tumemfukuza Jumanne.

Ijumaa shefu akanituma stesheni na majalada kwapani.

Nilimkuta ameketi juu ya sanduku chini ya turubai, pamoja na Mama Annie na watoto watatu. Nikamwambia, na ulimi wangu haukukauka, "Tata Henri, shefu anaomba utusaidie kidogo." Yaani tulimwomba mtu tuliyemfukuza atusomee hati za nyumba za watu tuliowafukuza, ili tuwanyang'anye kwa utaratibu. Alinitazama, kisha akanyoosha mkono.

Akasoma siku sita. Sikuelewa wakati ule kwa nini alikubali. Sasa nadhani kazi ilikuwa kitu pekee ambacho hatukumpokonya mlangoni. Akanionyesha jinsi ya kuanzia kwenye jiwe la kwanza na si popote unapopenda, jinsi ya kupima upya pale alama ilipopotea, jinsi ya kumkamata karani wa zamani aliyenakili namba vibaya. Siku ya nne tulifika kwenye jalada la nyumba yake mwenyewe. Nilitaka kulirudisha chini. Akalichukua, akasoma, akasema, "Hapa kiko kosa. Baraza iko ndani ya mpaka. Umuambie mwenye aliingia, jirani asimuibie mita mbili." Mama Annie akageuza uso. Mimi nikaandika: mita mbili.

Yote ninayojua nimeyajua pale, katika vumbi la stesheni, kwa mwalimu asiye na nyumba. Siku ya sita akaniomba kitu kimoja.

"Mukalay, baba yangu alikufa kesho yake ya kufukuzwa. Tulimuzika na majirani wawili, mbio mbio. Sina nguvu ya kurudi kule, bataniua. Uende upime. Uanzie ku jiwe ya mulango ya makaburi, upime mpaka ku kaburi, niliweka bomba ya chuma ku kichwa. Kisha urudie ku mulango na njia ingine, mi nipate kuhakikisha. Uniandikie karatasi. Batoto bangu siku moja batarudia."

Nikasema ndiyo. Nikachukua utepe wa ofisi. Nikatembea mpaka karibu na soko, nikasikia kwamba vijana wenye mapanga wanazunguka upande wa makaburi, wakimuuliza kila mtu anamzika nani. Nikaona busara kurudi ofisini. Nikafunga mlango, nikakaa mezani, nikatunga. Mistari sita: mitatu ya kwenda, mitatu ya kurudi. Nilikuwa nimefundishwa hesabu yake wiki ileile, na kwa kweli niliifanya vizuri. Nilijumlisha, nikatoa, nikarekebisha mita hapa na grade pale, mpaka mstari wa mwisho ukarudi juu ya jiwe la kwanza barabara. Nilijivunia. Namwibia mwalimu wangu kaburi la baba yake, na bado natafuta alama nzuri.

Saa kumi nikampelekea. Akatoa penseli, akahesabu juu ya goti lake, polepole. Alipomaliza alinitazama kitambo. Akaikunja karatasi mara nne, akasema, "Aksanti, Mukalay. Mungu akubariki." Kesho yake treni ikaondoka.

Hayo yote yalikuwa kifuani mwangu, na Mbelu ameketi mbele yangu anasubiri niivae miwani.

Nikaivaa. Nikajifanya nasoma. Na nitakuwa mkweli sasa, maana nimechelewa kuwa mkweli wakati mwingine wowote: nilikuwa na uongo mzuri tayari. Makaburi yale yalishachimbwa. Wachimbaji waliingia kwanza, wakafuata mkanda wa madini chini ya wafu. Kisha ikaja kampuni na uzio wa mabati. Ningesema tu, "Mwanangu, jiwe la mlango lilihamishwa, kaka yako alianzia mahali pabaya, kaburi liko ndani ya shimo, pole sana." Angeamini. Ningebaki Tata Mukalay.

"Unaona?" Mbelu akasema, akiinama juu ya karatasi kwa upendo. "Papa alikuwa anaikamata sawa Biblia. Ku gare ya treni, mama alimuuliza, ile karatasi iko muzuri? Papa akamujibu, haina kosa, hata santimetre moja. Mi nilikuwa na miaka kumi na moja, nilisikia. Mpaka alikufa, tukimuuliza, njo jibu yake: haina kosa, hata santimetre moja."

Miwani ikanianguka pajani.

Nitaeleza, kwa sababu asiyepima hawezi kujua. Mpimaji akienda shambani na kurudi mahali alipoanzia, hesabu haifungi kamwe. Jua linarefusha utepe, majani yanaupinda, mguu unateleza, jicho linasinzia. Mwisho wa kazi unakosa sentimita ishirini, arobaini, wakati mwingine mita nzima, na mpimaji mzuri anaandika kosa lake kwa wino kwenye hati. Hilo kosa ndilo sahihi yake, linasema alikuwepo. Kipimo kisicho na kosa hata sentimita moja kimepimwa mezani. Miaka mingi sasa ndivyo ninavyowakamata matapeli wanaoniletea hati za kughushi. Najumlisha, nikikuta sifuri, nawafukuza. Wala siku hata moja sikujiuliza mwalimu wangu alikuta nini juu ya goti lake.

Alikuta sifuri. Alijua kabla hajaikunja. Alijua, akaniombea baraka, akapanda treni, akawabeba watoto wake na uongo wangu mpaka Kasai, akamhakikishia mkewe kwamba karatasi haina kosa. Kisha wazee wakamwita mtupa baba miaka kumi na moja, na neno moja lilitosha kumwokoa: Mukalay hakwenda. Hakulisema, kwa sababu angelisema, mkewe na watoto wangebaki bila kaburi kabisa.

Niliona haya. Sijui neno jingine zuri zaidi. 

"Mbelu," nikasema, "mi njo niliandika hii karatasi. Sikuendaka kule. Nilitunga ku meza."

Hakuelewa mara moja. Nikarudia. Nikamwambia habari ya utepe, ya soko, ya vijana, ya meza. Nikamwambia kwamba baba yake alinieleza kaburi kwa undani, bomba la chuma kichwani, majirani wawili, na kwamba mtu hatungi maelezo ya namna ile kwa ajili ya baba aliyemtupa. Ile sehemu ya sifuri sikumwambia. Niliona lile ni la mama yake kwanza.

Akaichukua karatasi yake. Kisha akauliza, "Juu ya nini haukuendaka?"

"Niliogopa."

"Batu bote baliogopa," akasema. "Papa aliogopa, alizika."

Nikasema nitaandika maelezo, nitatia sahihi, nitapeleka hata kwa mthibitishaji apige muhuri. Akaanza kucheka, kicheko kibaya.

"Karatasi yako tena? Apana, tata. Karatasi yako moja inatosha. Utakuja na kinywa."

Fikiria hilo kwa mtu wa umri wangu na sifa yangu. Mjini watu wangeuliza Tata Mukalay amesafiri kwenda wapi, na Kolwezi ni mji ambao jibu linatangulia swali. Lakini kesho yake nilifunga begi. Tulipitia kwanza makaburini, nikamwonyesha uzio na shimo nyuma yake. Akachota udongo mwekundu kando ya bati, akaufunga katika kitambaa. Hakuniuliza kama ni mahali penyewe. Alishajifunza kutoniuliza vipimo.

Treni yetu ni ileile. Inasimama porini ili ifikiri. Kwa siku nne niliangalia kupitia dirisha vituo ambako mwaka ule, watu wanasema, walikuwa wakishusha watoto waliokufa na kuwazika kando ya reli, bila jiwe A wala jiwe B. Abiria mmoja akaniuliza ninakwenda kufanya biashara gani. Nikamwambia narudisha mali ya mtu.

Mwene-Ditu walikuwa wamekaa uani, wazee saba, na msemaji wao, Mzee Mwamba, mtu mwembamba mwenye ile picha ya choo katika bahasha. Alikuwa ameihifadhi vizuri kama picha ya harusi. Mama Annie alikuwa kwenye mkeka, nyeusi kutoka kichwani mpaka miguuni, mdogo kuliko nilivyomkumbuka. Hakunisalimu. Mfiwa hasalimu, na kama angeruhusiwa sidhani kama angetaka.

Nilisimama nikasema. Mbelu alitafsiri kwa Tshiluba, na niliona kwamba hakunipunguzia hata neno. Nilisema jina langu na la baba yangu. Nilisema Henri Mpoyi alimzika baba yake, akaniomba nipime kaburi, na mimi nikakaa mezani nikatunga. Choo kile si cha Henri, nikasema; ni changu. Mzee mmoja akakohoa. Mzee Mwamba akaiangalia picha, kisha akaniangalia mimi, kana kwamba anataka kuona tunafananaje.

Ndipo Mama Annie akazungumza, na hakuzungumza Tshiluba. Alizungumza Kiswahili chetu cha Kolwezi, ambacho Mbelu aliniambia baadaye hakikumtoka kinywani tangu siku ile ya stesheni.

"Mukalay. Siku ile mvua ilinyesha tangu asubui. Ku njia ya makaburi potopoto ilifika mu magoti. Batu bote balitoka kule balifika ku gare bachafu mpaka ku kiuno. Weye ulirudia na viatu bisafi."

Niliangalia viatu vyangu.

"Mi nilijua palepale," akasema. "Nilinyamaza juu Henri aliamini. Kama ningemuambia, angeruka mu treni arudie kupima yeye mwenyewe, na bangemuua. Kisha tulifika huku, nikaona ile karatasi inamupa usingizi. Ningemuambiaje? Bazee bakamutukana, nikanyamaza. Aliamini, nikamuacha aamini."

"Mama," nikasema. "Henri hakuamini. Alihesabu ku goti yake. Akasema haina kosa hata santimetre moja. Mupimaji akisema vile, anasema ni ya bongo, ya kutunga. Alijua mbele ya kuikunja."

Akanitazama.

"Alijua?"

"Alijua, mama. Alinyamaza kwa ajili yako."

 Mama Annie akageuza mikono yake kwenye mapaja, akaiangalia ndani na nje.

"Miaka makumi mbili na kenda," akasema taratibu. "Mi namuficha. Yeye ananificha. Na tunalala kitanda moja."

Akaanza kucheka, mabega yakitikisika, na katikati ya kicheko machozi yakamshuka, na Mbelu akatupa kile kitambaa cha udongo chini akamkimbilia. Mzee Mwamba akasafisha koo. Akasema kwamba jambo hili ni zito, kwamba wazee watajitenga walitazame, kwamba kuna utaratibu.

Mama Annie hakumngoja. Aliinua mikono, akafungua fundo la kitambaa cheusi kisogoni, akakivua mwenyewe mbele yao wote. Nywele zake zilikuwa nyeupe kabisa.

"Mulitazame," akawaambia. "Mi nitaenda kunawa."